Waya wa TV: Picha Huharibikia Nusu Mita ya Mwisho

Mwalimu mmoja mstaafu anayeishi Donholm, Nairobi, alinipigia simu Jumamosi asubuhi, sauti imejaa uchungu. Alikuwa amenunua TV mpya ya inchi 43, akalipa pesa zote mkononi, na picha ilikuwa mbaya kuliko ya TV yake ya zamani yenye kisogo. "Kijana wangu," akaniambia, "nimeuziwa mkebe. Njoo uiangalie ndipo niirudishe dukani."

Sikuanza na TV. Nilipiga magoti kando ya kabati nikamulika nyuma kwa tochi ya simu. Dekoda ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa vichwa vya rangi tatu, manjano, nyeupe na nyekundu, uleule uliokuwa kwenye TV ya zamani. Mwanawe alibadilisha TV akaacha waya. Nikaomba boksi la dekoda. Likateremshwa kutoka juu ya kabati la nguo, na ndani yake waya wa HDMI, ule mmoja unaobeba picha na sauti kwa pamoja, ulikuwa bado umefungwa kwa kikamba chake cha plastiki. Nikazima soketi ukutani, nikachomoa rangi tatu, nikachomeka HDMI, nikawasha, nikabonyeza Source kwenye rimoti mpaka HDMI 1. Kulikuwa na mpira. Mwalimu alikuwa ameketi kochi la mbali kabisa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, kisha akasoma kwa sauti vile vitarakimu vya kona ya juu vilivyokuwa vimemshinda tangu TV iingie nyumbani: "Dakika ya sitini na saba. Moja kwa moja."

TV haikuwa na kosa lolote.

Nafanya kazi hii ya ufundi wa TV kutoka chumba kidogo cha ghorofani karibu na Luthuli Avenue, na nyumba kama ya Mwalimu naziona kila wiki, Umoja, Kayole, Lang'ata, hata Kileleshwa kwenye TV za ukuta mzima. Mtu anatumia miezi mitatu kuchagua TV na dakika mbili kuchagua waya. Inaniuma, kwa sababu waya unaofaa mara nyingi tayari uko ndani ya nyumba, na usipokuwepo, ni wa shilingi mia kadhaa tu.

Dekoda ya digitali, picha ya analogi

Wengi wetu tunakumbuka Februari 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa Nairobi na vituo vikubwa vikapotea hewani kwa takriban wiki tatu. Kila nyumba ikatafuta dekoda. Tangu hapo watu wanaamini hivi: nina dekoda, basi picha yangu ni ya digitali. Sivyo. Matangazo yanatoka kwenye mitambo kule Limuru yakiwa digitali kwa mfumo wa DVB-T2, yananaswa na antena yako yakiwa digitali, yanaingia kwenye dekoda na kufunguliwa humo. Kutoka hapo, anayeamua ni waya. Ukitumia HDMI, picha inavuka hadi kwenye TV ikiwa bado ni namba. Ukitumia waya wa manjano, dekoda inalazimika kuigeuza iwe analogi, inaipunguza na kuituma, halafu TV yako bapa inaipokea na kuigeuza tena iwe namba, maana yenyewe haijui lugha nyingine. Picha imesafiri salama kutoka Limuru mpaka sebuleni kwako, ikaharibikia nusu mita ya mwisho.

Waya wa manjano unabeba mwanga na rangi pamoja kwenye uzi mmoja wa shaba. Fikiria chai yetu ya maziwa: ukishachemsha maji na maziwa kwenye sufuria moja, huwezi kumwambia mgeni atenge maziwa yake. TV inajaribu kutenga, na kila mara kitu kinabaki. Sogea karibu na kioo uangalie pale rangi nyekundu inapokutana na rangi nyingine: utaona vidoti vidogo vikitambaa kwenye mpaka. Msomaji wa habari akivaa shati la mistari myembamba, mistari inatoa rangi za upinde wa mvua ambazo shati halina. Halafu kuna suala la nafasi. Mfumo wa PAL tuliokuwa tukitumia Kenya una mistari 625, na inayobeba picha ni 576. TV ya HD kamili ina mistari 1080. Iliyobaki, TV inaikisia yenyewe.

Kwenye kioo cha inchi 14 hukuyaona haya, kioo chenyewe kilikuwa kidogo. Picha ileile ukiinyoosha hadi inchi 43, kasoro nazo zinanyooka.

Anza na mgongo wa TV

Kabla hujapanda matatu kwenda mjini, piga picha mgongo wa TV kwa simu. Piga na mgongo wa dekoda, au DVD, au laptopu, chochote unachotaka kuunganisha. Mteja akija na picha hizo mbili tunamalizana papo hapo. Akija na maelezo ya "kale katundu kapana", mara nyingi anarudi kesho na waya usioingia.

Tundu la HDMI ni jembamba na pana, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na waya wake una pini 19. Linabeba picha na sauti kwa pamoja. Ukiliona pande zote mbili, kwenye TV na kwenye kifaa, uamuzi umekwisha. Usishawishiwe na waya mwingine wowote, hata ukiwa na vichwa vya kung'aa.

VGA ni lile lenye vitundu 15 vya safu tatu, mara nyingi la buluu, na skrubu mbili kandoni. Ni la analogi, ila nyekundu, kijani na buluu zinapita kila moja kwenye uzi wake, ndiyo maana laptopu ya zamani bado inatoa maandishi yanayosomeka vizuri kwenye TV. Sauti halibebi, kwa hiyo utahitaji waya mwingine mdogo kama wa spika za masikioni. DVI utaikuta zaidi kwenye monita. Ile ya aina ya DVI-D ni digitali, na waya unaotoka DVI-D kwenda HDMI hauhitaji kifaa chochote katikati. Sauti nayo uitafutie njia yake.

Kwa DVD nzuri za zamani kuna matundu matatu ya kijani, buluu na nyekundu, tunayoyaita komponenti. Watu huyachanganya na yale ya manjano, nyeupe na nyekundu kwa sababu vichwa ni vya umbo moja. Usiyadharau. Ni analogi, lakini mwanga una uzi wake na rangi zina nyuzi zake, na yanaweza kupitisha hata HD. Kama DVD yako haina HDMI na ina hayo, yatumie, acha manjano. Kumbuka tu kwamba jumla utahitaji vichwa vitano: vitatu vya picha, viwili vya sauti. TV za mtumba zilizotoka Uingereza huwa pia na tundu kubwa la pini 21 linaloitwa SCART. Ukitaka kulitumia na kifaa cha rangi tatu, kuna kichwa cha kubadilisha, na si ghali.

TV nyingi za sasa zimeondoa matundu ya manjano kabisa. Badala yake kuna kitundu kimoja cha mviringo kilichoandikwa AV, na ndani ya boksi unapewa kipande kifupi cha waya cha kukiunganisha na zile rangi tatu. Kipande hicho hutupwa pamoja na plastiki siku TV inapofunguliwa. Kiweke. Ukinunua kingine, nyuzi za ndani huenda zimepangwa tofauti: unapata sauti bila picha, au mlio wa kukwaruza. Likikutokea, jaribu kubadilishana kichwa cha manjano na chekundu kabla ya kulaani. Mara nyingi picha inatokea.

HDMI ipi, na kwa bei gani

Hapa ndipo naona watu wakipoteza pesa, na nitasema bila kuzunguka. Waya wa digitali unapeleka namba. Namba zikifika zote, picha ni kamili. Waya wa mia chache na waya wa elfu kadhaa, ikiwa zote mbili zinafikisha namba zote, zinatoa picha ileile kabisa. Muuzaji akikuambia waya wake "unaongeza rangi", mwambie asante uende zako. Dhahabu kwenye vichwa haiongezi ukali wa picha, kazi yake ni kuzuia kutu. Kama waya unamnunulia mama yako kule Kilifi, penye upepo wa chumvi, mchukulie wa dhahabu. Sebuleni Nairobi wala usiihangaikie.

Kitu cha kusoma kwenye pakiti ni daraja la kasi. Zile namba za matoleo ya HDMI, 1.4, 2.0 na 2.1, zinahusu vifaa vyenyewe zaidi. Waya ulioandikwa High Speed unatosha kwa HD kamili, na kwa 4K, yaani picha kali kuliko HD kamili, ya picha 30 kwa sekunde. Premium High Speed umepimwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde, na huo ndio wa 4K ya picha 60. Ultra High Speed unafika gigabiti 48, na una maana kwa mtu mwenye mashine mpya ya michezo na TV ya picha 120 kwa sekunde. Hayo madaraja mawili ya juu huwa na lebo ya kuskani kwa simu kwenye pakiti. Pakiti ikijisifu kuwa ya 8K na haina lebo, ihesabu kuwa waya wa kawaida na uilipe bei ya kawaida. Kwa dekoda ya antena, High Speed inakutosha kabisa, kwa sababu dekoda yenyewe haitoi zaidi ya HD.

Kinachoumiza waya wa digitali ni urefu. Mita moja na nusu au mbili haina shida. Hadi mita tano bado uko salama hata kwa 4K ukichukua waya mzuri. Ukizidi hapo, unaanza kubahatisha, na nilijifunza hili mahali pabaya. Mwaka wangu wa tatu kazini, mkahawa mmoja wa Kasarani ulitaka TV upande wa pili wa ukumbi. Nikanunua waya wa mita 20, mwembamba, nikauzika ukutani, mwashi akapiga plasta. Jioni tukawasha. Picha ikaja sekunde chache, ikapotea, ikarudi na vidoti vyeupe vinavyometameta kama mchele uliomwagika, ikapotea tena. Ukuta ukabomolewa, na gharama ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo siziki waya ambao sijautandaza sakafuni, nikauwasha na kuuangalia saa nzima.

Na jibu la ukumbi ule halikuwa waya wa bei mbaya. Tulihamisha dekoda ikae chini ya TV yenyewe, tukavuta waya wa antena uifuate kule. Waya wa antena wa aina ya RG6, ule mnene wa omu 75, unakwenda mita 20 bila malalamiko ya maana. Hilo ndilo pendekezo langu la kwanza kwa kila mwenye sebule kubwa: refusha antena, fupisha HDMI. Kama kifaa hakiwezi kuhama, kuna HDMI ya nyuzi za kioo, na kuna visanduku viwili vinavyopitisha HDMI ndani ya waya wa mtandao wa Cat6. Vyote hufanya kazi, ila ni pesa zaidi. HDMI ya nyuzi za kioo ina kichwa cha kwenda kwenye kifaa na kichwa cha kwenda kwenye TV, vimeandikwa. Ukigeuza hupati kitu.

Maadamu nimetaja antena: hakuna antena ya digitali. Ile ya miiba iliyokuwa juu ya paa la baba yako, ikiwa ni ya UHF, masafa yanayobeba matangazo ya TV, na haijaoza, inanasa matangazo ya digitali vizuri kabisa. Antena haijui kama mawimbi yamebeba namba au la.

Vigeuzi

Kuna TV za kisogo bado zinafanya kazi, na dekoda au vifaa vipya visivyo na matundu ya manjano. Kuna pia kinyume chake. Jambo la kushika ni kwamba HDMI na manjano ni lugha mbili, na waya mtupu hautafsiri. Ukiona waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na rangi tatu upande mwingine, bila kisanduku katikati wala mahali pa kuingiza umeme, usiununue. Kwa TV na dekoda ya kawaida hautatoa chochote. Nimeletewa hizo na watu waliolia kwamba dekoda imekufa. Kigeuzi halisi ni kisanduku kidogo chenye waya wa USB wa kukipa umeme, na mishale inayoonyesha njia: kutoka HDMI kwenda AV, au kutoka AV kwenda HDMI. Ni visanduku viwili tofauti ijapokuwa vinafanana kama mapacha, kwa hiyo soma mishale hiyo ukiwa bado dukani.

Usitarajie makuu. Kigeuzi cha kwenda AV kinashusha picha hadi mistari ile 576, na maandishi madogo yatakuwa ukungu. Kigeuzi cha kwenda HDMI hakipandishi ubora, kinafungua mlango tu.

Kuchomeka na kujaribu

Zima soketi ukutani kwanza, ya TV na ya kifaa. Matundu ya HDMI niliyobadilisha kwa sababu ya kuungua ni mengi, na mengi yaliungua siku mtu alipokuwa akichomeka vitu vyote vikiwa vimewaka, au radi ilipopitia kwenye antena wakati wa mvua za masika. Mawingu yakifunga, chomoa na waya wa antena pia.

Shika kichwa, si uzi. Sukuma moja kwa moja. Kisipoingia, kigeuze, usikilazimishe. Jana tu niliangalia tundu moja kwa lenzi: pini nne za katikati zimelala kama nyasi zilizokanyagwa, na kipande cha plastiki kimebaki ndani. Mtoto alisukuma kichwa kikiwa juu chini. Kama TV iko ukutani na nafasi ya nyuma ni finyu, tumia kichwa chenye kona ya L, kwa maana waya uliokunjwa kwa nguvu unalegeza lehemu ya tundu pole pole, miezi kwa miezi, na kulitengeneza ni kufungua TV yote.

Picha isipokuja, ugonjwa wenyewe hujieleza. Digitali haichoki kidogo kidogo: iko, au inametameta, au inazimika. Ukiona vidoti vinavyometa au kioo kikiwa cheusi na kurudi, shuku waya: jaribu mfupi, jaribu tundu la pili, kisha ingia kwenye mipangilio ya dekoda ushushe 1080 hadi 720. Ikitulia hapo, waya wako haubebi mzigo. Analogi inaugua tofauti. Picha inafifia, inapata kivuli pembeni, sauti inavuma kama nyuki. Hapo mara nyingi ni kichwa kilicholegea au chenye kutu, kisugue kwa kitambaa kikavu ukichomeke tena. Na picha ikija nzuri lakini watu wamenenepa wote, usiguse waya. Ni umbo la kioo, ibadilishe kutoka 4:3 hadi 16:9 kwenye dekoda.

Wiki mbili baada ya siku ile ya mpira, Mwalimu wa Donholm alinipigia tena. Alikuwa na deki ya zamani na kanda ya harusi ya bintiye ya mwaka 1999, na deki haina HDMI. Nilikuwa nimemwekea ule waya wa rangi tatu ndani ya boksi la dekoda, nikausafisha vichwa kabla ya kuondoka. Tukautoa. TV yake haina tundu la manjano pekee, ina la kijani lenye duara la manjano kulizunguka, kwa hiyo nikachomeka manjano humo. Picha ikaja, nyeusi na nyeupe. Mke wake, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, akasema kwa huzuni, "Lakini gauni la shangazi lilikuwa la zambarau." Nikabonyeza Source tena: TV ilikuwa imesimama kwenye komponenti, ikidhani nimeiletea mwanga peke yake kwenye kile kijani. Nikashuka hadi AV. Zambarau ikarudi, yenye ukungu na vidoti vikitambaa kwenye kingo, na Mwalimu akanyoosha mkono kunizuia nisiguse kitu kingine.